Kanisa lilijua kukagua madeni

Swali la juma hili lilikuwa: je, ni Uprotestanti uliowafundisha watu wa magharibi ya Kenya kufanya kazi na kutafuta faida? Kazi, hapana. Kuaminika kwa mkopo, huenda; na hapo ndipo makanisa yetu yalipoachia njiani.

Kabla ya Waquaker wa Marekani, dhehebu la Kiprotestanti liitwalo pia Marafiki, kufungua misheni yao ya viwanda Kaimosi mwaka 1902, watu walilima. Kwa Waluo, mwenye shamba kubwa aliita saga: majirani wakaja na majembe, wakamaliza, wakanywa pombe aliyowaandalia. Misheni zilipoikataza pombe, muumini alikosa cha kuwakaribishia walimaji. Ikabidi alipe pesa, au anunue plau ya kukokotwa na ng'ombe. Pesa yenyewe ilikuwa tayari inasakwa kila boma kwa sababu ya kodi ya nyumba, kwa hiyo anayesifu bidii ya wasomi wa misheni amkumbuke na mtoza kodi. Tena Kisumu, reli ilipofika Desemba 1901, mfanyabiashara mkubwa aliyefuata njia yake alikuwa Allidina Visram, Mwislamu wa Kiismailia. Huyo hakumhitaji Calvin, mwalimu wa Uprotestanti.

Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyehusisha Uprotestanti na kutafuta faida, katika makala zake za 1904 na 1905, alisema Wakalvini waliamini Mungu ameshachagua wa kuokolewa, na hakuna ajuaye kama yumo. Hofu hiyo ikawafanya wasake dalili katika kazi isiyokatika. Na kwa kuwa anasa ilikuwa dhambi, faida haikuliwa, ikarudi kwenye biashara. Hoja nzuri, ila benki za Florence, Italia, zilikuwapo kabla ya Luther kuanzisha Uprotestanti. Na Waquaker hawaamini kuchaguliwa huko, lakini Barclays, Lloyds na Cadbury zina mizizi kwao.

Weber ana makala nyingine, isiyosomwa sana, iliyotokana na safari yake ya Marekani mwaka 1904. Huko North Carolina alishuhudia ubatizo wa Wabaptisti bwawani, akaambiwa kwamba mmoja wa waliobatizwa alitaka kufungua benki. Kwa nini ubatizo? Kwa sababu kanisa lilimchunguza mtu mwenendo kabla ya kumpokea, na aliyepokewa aliaminiwa na wenye akiba, hata wasio wa kanisa hilo.

Waquaker wa Uingereza walikuwa wakali zaidi. Dukani walitaja bei moja bila kupatana, hata mtoto akitumwa. Aliyeonekana kuzidiwa na madeni alitembelewa na wajumbe wa mkutano wa kanisa wa kila mwezi, wakamwuliza habari za biashara yake. Akifilisika kwa uzembe au kwa kukopa kupita uwezo, alitengwa hadharani. Kulipa waliomdai, hata kiasi ambacho sheria ilikuwa imemsamehe, ndiko kulikomfungulia njia ya kurudi. Mtu wa nje akimkopesha Mquaker alijua kuna macho mengine juu ya deni lile.

Sasa tazama chama au sacco ya kanisa, Vihiga au Nakuru. Mwanachama hukopa, tuseme, mara tatu ya akiba yake, na wadhamini huweka akiba zao rehani. Hesabu haina kasoro. Kasoro huingia pale mchungaji anapokuwa mwenyekiti, kwa sababu nani atamdai mchungaji? Huingia tena wadhamini wanapodhaminiana kwa mzunguko: mimi wako, wewe wa yule, yule wangu. Mmoja akishindwa, wote watatu wameanguka. Na mara nyingi kanisa litamtenga aliyeoa mke wa pili, lakini asiyelipa mkopo miaka miwili bado anaongoza kwaya.

Kinga zipo, na hazina gharama: mweka hazina asiwe mtu wa madhabahuni, mdhamini asidhamini anayemdhamini, moja kwa moja au kwa mzunguko, na orodha ya waliochelewa kulipa isomwe kila mwezi mbele ya wanachama, jina na kiasi, akiwemo mzee wa kanisa. Watakaopinga hilo la mwisho watasema ni kuaibishana, na ni kweli. Ndivyo Waquaker walivyofanya kazi hiyo.