Madog, mjomba wangu, na daftari la safu mbili

Ubishi ulianza saa nane za usiku, wakati wa mapumziko. Nafanya zamu kwenye ghala la mizigo mjini Louisville, Kentucky, mji ambao siku hizi ukipanga foleni dukani utasikia Kiswahili cha Bukavu kabla hujafika kwenye kaunta. Mwenzangu wa zamu, mzee wa Kimarekani ambaye babu zake walitoka Wales, alinitazama juu ya kikombe chake cha kahawa akaniambia Columbus alichelewa. Mtoto wa mfalme wa Wales, jina lake Madog, alifika Marekani mwaka 1170. Watu wake wakapanda mito mpaka hapa kwetu, kwenye maporomoko ya mto Ohio, wakachanganyika na wenyeji, na wajukuu zao wakawa "Wahindi wa Wales", weupe, wanaosema Kiwelisi.

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Ni miaka sita sasa. Sina digrii ya historia, mimi ni mtoto wa Tanga niliyesomea uhasibu na sikuumaliza. Lakini nimesoma mengi kuhusu Madog kuliko ilivyo salama kwa mtu anayelala mchana, na nimekosea vya kutosha kukushauri wewe uliyeshikwa na ugonjwa wa namna hii, iwe ni Madog au kisa kingine cha merikebu iliyopotea.

Kisa chenyewe kimeshonwa kwa ufundi, na ndiyo maana kinanasa. Owain Gwynedd alikuwa mfalme kweli, kaskazini mwa Wales, na alikufa kweli mwaka 1170. Wanawe waligombea urithi, na mmoja wao, Hywel, aliyekuwa pia mshairi, aliuawa mwaka huohuo katika kisiwa cha Anglesey akipigana na ndugu zake wa baba mmoja. Hayo ni historia. Hadithi inaingilia hapo: eti ndugu mwingine, Madog, alichoshwa na damu, akapakia watu merikebuni, akaelekea machweo, akaona nchi nzuri, akarudi kuchukua wengine, akaondoka tena asionekane. Nusu ya kwanza ni kanga halisi, nusu ya pili ni kiraka cha rangi ileile. Ukitazama kwa mbali huoni uzi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa maneno. Watetezi wa Madog wanapenda orodha: neno la Kiwelisi huku, neno la Wamandan, wenyeji wa mto Missouri, kule, tazama yanavyofanana! Nilizinakili kwa wino mwekundu. Hata mwaka 1583 kuna Mwingereza, George Peckham, aliyetoa ushahidi wa aina hiyo: ndege aitwaye pengwini, akasema, jina lake ni Kiwelisi, *pen gwyn*, kichwa cheupe. Wakati huo jina hilo walipewa ndege wakubwa wa Atlantiki ya kaskazini wasioweza kuruka. Vichwa vyao vilikuwa vyeusi, vina doa jeupe tu mbele ya jicho.

Kilichonitibu ni usiku mmoja nilipojaribu mchezo uleule na lugha yangu. Kwa Kiwelisi, *mi* ni mimi. *Mam* ni mama. *Nain*, huko kaskazini mwa Wales, ni bibi, nasi tuna *nina*, yaani mama, katika mashairi ya kale. *Saith* ni saba. Kwa nusu saa nilikuwa nimemfikisha Madog Pangani, nimemwoza mke, na nimempa shamba la minazi. Kama una mpango wa kulinganisha maneno, fanya kwanza jaribio hilo na lugha usiyoitarajia. Kimandan ni cha ukoo wa lugha za Kisiouan, na ukoo wa lugha haujulikani kwa maneno sita yanayolia sawa, unajulikana kwa sarufi na kwa sauti zinazobadilika kwa utaratibu.

Ndipo nikamkumbuka mjomba. Mjomba wangu alifundisha chuo cha Kurani Tanga, na ukimletea habari ya mtaani alikuhoji kama anakagua hadithi ya Mtume: nani kakwambia? Naye kaambiwa na nani? Walikutana hao, au mmoja alikufa kabla mwingine hajazaliwa? Isnadi kwanza, maneno baadaye. Tulipokuwa watoto tuliona ni usumbufu. Sasa ndiyo njia pekee ninayoiamini.

Nikanunua daftari, nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa. Kushoto naandika mwaka ambao jambo linasemwa kutokea. Kulia, mwaka ambao mtu wa kwanza aliliandika. Basi. Ukifanya hivyo tu, utakuwa umewapita wengi wenye vitabu vinene.

Safari ya Madog kwenda Marekani: kushoto 1170, kulia 1559, mwaka ambao Humphrey Llwyd aliiandika. Ilichapwa mwaka 1584 katika historia ya David Powel. Karibu miaka mia nne ya ukimya. Historia ya wakati wenyewe ya watawala wa Wales, Brut y Tywysogion, inataja ugomvi wa wana wa Owain na haitaji safari yoyote. Gerald wa Wales alizunguka nchi nzima mwaka 1188, miaka kumi na minane tu baadaye, akaandika mpaka habari za samaki wenye jicho moja. Mtu anayeandika samaki wenye jicho moja angeacha mwana wa mfalme aliyevuka bahari?

Mchungaji Morgan Jones, aliyedai alitekwa na wenyeji wa Carolina akaokoka kwa sababu walielewa Kiwelisi chake: kushoto miaka ya 1660, kulia 1686, na gazetini mwaka 1740. John Sevier, aliyekuwa gavana wa Tennessee, alisema chifu wa Wacherokee, Oconostota, alimsimulia habari za Wawelisi waliojenga kuta za mawe: kushoto 1782, kulia 1810. Chifu mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, hakuna wa kumuuliza.

Safu hizo zingeniokoa na aibu moja kubwa. Kuna mawe huku yanayosemwa yana maandishi ya Kiwelisi ya kale, yanasomwa kwa herufi ziitwazo Coelbren. Nilichapisha jedwali la herufi hizo, nikavaa viatu vya mvua, nikatumia Jumapili tatu za mapumziko yangu nikikwangua kuvu kwenye mawe kando ya mto. Niliona herufi kila mahali, maana mikwaruzo ya barafu na mizizi huandika Coelbren vizuri sana. Jumapili ya nne nikaulizia umri wa herufi zenyewe. Zilibuniwa na Iolo Morganwg mwishoni mwa karne ya 18. Mwashi, mshairi, mlaji wa kasumba, na mghushi hodari kuliko wote Wales ilipata kuwazaa. Jiwe la karne ya 12 lingeandikwaje kwa herufi ambazo mbunifu wake hajazaliwa? Sikumwambia mtu kwa miezi miwili.

Baada ya mwaka wa kuandikwa, swali linalofuata ni nani alihitaji kisa hicho mwaka huo. Ukijibu hilo, mlango unafunguka. Karibu na mwaka 1580, John Dee, mshauri wa Malkia Elizabeth I, alikuwa akikusanya hoja za kumwonyesha malkia kwamba ana haki juu ya Marekani kaskazini. Hispania ilidai ni yake kwa sababu ya Columbus, 1492. Sasa akitokea mwana wa mfalme wa Wales aliyefika 1170, na malkia mwenyewe ni mjukuu wa Henry VII wa ukoo wa Tudor, watu wa Wales, hesabu inageuka. Madog alizaliwa upya akiwa hati ya kiwanja.

Huko Marekani alipata kazi mbaya zaidi. Walowezi walikuta vilima vikubwa vya udongo na kuta za mawe, wakakataa kuamini kwamba wenyeji wanaowafukuza ndio wenye babu waliojenga. Basi wajenzi wakawa Wawelisi, Wafoinike, Waisraeli waliopotea, yeyote yule, mradi si wao. Ripoti ya Cyrus Thomas ya mwaka 1894 ndiyo iliyolizika jambo hilo kwa ushahidi: vilima vilijengwa na mababu wa wenyeji. Nilipofika hapo sikuhitaji kuelezwa. Great Zimbabwe nayo ilipewa Wafoinike, hata baada ya David Randall-MacIver kusema mwaka 1905 kwamba ni kazi ya Waafrika, na Gertrude Caton-Thompson kurudia mwaka 1929. Na magofu yetu ya pwani yaliambiwa kwa miaka mingi ni ya wageni watupu.

Hata hivyo usiwe mtu wa kudharau kila simulizi, nami nilipitia kipindi hicho, nikawa sivumiliki mezani. Kilwa tuna kisa cha mtawala wa Shirazi na merikebu saba, kilichoandikwa karne nyingi baada ya tukio. Wasomi wengi walikiona ni fahari ya kubuni. Mwaka 2023 zikatoka tafiti za vinasaba vya mifupa ya kale ya pwani yetu, na ikaonekana kweli kulikuwa na mababu wa kiume wenye asili ya Uajemi waliochanganyika na watu wa hapa kuanzia karibu mwaka 1000, huku upande wa mama ukiwa karibu wote wa Kiafrika. Merikebu saba bado ni za hadithi. Lakini kulikuwa na kitu.

Kwa hiyo jiulize pia: kama ni kweli, kingebaki nini ardhini? Wanorwe wa Greenland walikuwa na masimulizi tu ya Vinland, nchi waliyosema waliifikia magharibi, mpaka Helge na Anne Stine Ingstad walipochimba L'Anse aux Meadows huko Newfoundland miaka ya 1960, wakakuta misingi ya nyumba, misumari ya chuma, pini ya shaba nyeusi, na kipande cha pia ya kusokotea uzi. Mbao za hapo zilikatwa mwaka 1021, tunajua mpaka mwaka. Watu wanaohamia mahali huangusha vitu. Wa Madog hawajaangusha hata sindano. Wapo watakaokuonyesha mitumbwi ya duara ya Wamandan, ya ngozi ya nyati, kwamba ni sawa na ile ya Wales. Mchoraji George Catlin aliyekaa nao mwaka 1832 ni mmoja wa waliovutwa na hilo. Mto Tigris nako Irak kuna ya duara. Ukiwa na fito na ngozi, na huna mbao, mkono wako utakupeleka hukohuko.

Ukitaka pa kuanzia, Maktaba ya Taifa ya Wales iliyoko Aberystwyth imeweka magazeti ya zamani na kamusi ya wasifu wa Wawelisi kwenye intaneti, bure. Anza hapo, usianze na video. Na anza na mpinzani. Thomas Stephens aliandika insha kwa ajili ya mashindano ya eisteddfod, tamasha la ushairi na muziki la Wawelisi, ya Llangollen mwaka 1858 akionyesha kisa hakina msingi. Ilikuwa insha bora, akanyimwa zawadi kwa sababu waandaaji walitaka ugunduzi uthibitishwe, si ukanushwe.

Lakini mtu ninayempenda katika daftari lote ni John Evans, kijana wa Waunfawr karibu na Caernarfon, aliyezaliwa 1770. Aliamini. Iolo alikuwa aende naye kuwatafuta ndugu zao waliopotea, akabaki nyumbani. Evans akafika Baltimore mwaka 1792, akaanza safari ya magharibi akiwa na dola moja na robo tatu mfukoni. Wahispania, waliokuwa wakitawala St. Louis wakati huo, wakamfunga huko wakidhani ni jasusi. Alipotoka akajiunga na msafara wa James Mackay kupanda mto Missouri, na majira ya baridi ya 1796 hadi 1797 akayala kwa Wamandan, kwenye baridi ambayo mtu wa Tanga haifai hata kuifikiria. Akawasikiliza. Julai 1797 akaandika barua kwenda Philadelphia, kwamba Wahindi wa Wales hawapo.

Nyumbani wengine walisema amehongwa na Wahispania. Yeye alikufa New Orleans mwaka 1799. Ramani ya mto aliyoichora ilimfikia rais Jefferson, naye akamtumia Meriwether Lewis mwanzoni mwa 1804, na ule msafara maarufu wa Lewis na Clark, wa kuipeleleza magharibi, ukapanda Missouri ukiwa nayo.

Sijafunga daftari. Kuna mstari mmoja unaonisumbua: Willem, mshairi wa Flanders wa karne ya 13, anajitambulisha kuwa ndiye aliyetunga *Madocke*, na hakuna nakala yake iliyobaki. Na katika karne ya 15 mshairi wa Wales, Maredudd ap Rhys, akiomba wavu wa samaki, anamtaja Madog mpenda bahari. Marekani haimo. Bahari imo. Upande wa kushoto wa mstari huo nimeacha wazi.

Yule mzee wa ghalani nilimpa barua ya Evans aisome, saa nane za usiku, meza ileile. Aliisoma mara mbili, polepole. Akauliza alikuwa na umri gani alipokufa. Nikamwambia ishirini na tisa. Akakaa kimya mpaka kengele ya kurudi kazini ilipolia, kisha akauliza kama naweza kumtolea nakala ya ile ramani.