Maji ya kusuuzia nguo na majani ya sungura

Dada wa Goma uliyeuliza kama maji ya kufulia yanaweza kumwagilia matete (majani marefu ya malisho) ya sungura wako: ndiyo, lakini chukua ya kusuuzia tu. Maji ya povu la kwanza, hasa ya sabuni ya unga, yana chumvi nyingi. Yenye javeli (dawa ya kung'arisha nguo), na yaliyofulia nguo za mtoto zenye choo, mwaga kabisa. Ya jikoni pia yaache, mafuta yake huziba udongo na kuita panya.

Usiyalaze. Yakipita siku moja ndani ya bidoni (dumu) yananuka yai bovu. Chuja kwa kitambaa, kisha mwaga shinani polepole, kamwe si juu ya majani. Bidoni ya lita 20 inatosha mita 4 za mraba kwa siku. Juu ya lava (mawe ya volkano), ambako udongo ni kiganja tu, panda ndani ya magunia yenye udongo na samadi iliyooza. Vinginevyo maji yote yanapotelea kwenye mawe.

Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani zimekauka kahawia, chumvi imezidi. Mvua itaiosha; Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi, mwagilia maji safi mara moja kwa wiki.

Gawa shamba sehemu mbili: upande wa kukata usiuguse kwa maji hayo siku 3 kabla ya kukata. Kata sentimita 10 juu ya ardhi, anika kivulini nusu siku. Majani mabichi yenye unyevu, ukiwapa mengi kwa ghafla, huwaharisha, hata yangemwagiliwa maji ya mvua.