Chokoleti kwenye joto la Mtwara: achana na kung'aa

Desemba mwaka juzi nilipeleka vipande 120 vya chokoleti kwenye harusi ya binamu yangu Mikindani. Nilivifunga kimoja kimoja kwa karatasi ya dhahabu, kila kimoja na korosho nzima ndani. Vilitoka kwangu Shangani vinang'aa kama viatu vya askari, vikafika ukumbini vimekuwa uji. Shangazi mmoja alifungua chake, akakitazama, akalamba karatasi, kisha akaniambia, "Mwanangu, sharubati yako tamu, ila ungetuletea na vikombe."

Kosa langu lilikuwa kujifunza kwa watu wa nchi za baridi. Mafuta ya kakao huanza kuyeyuka yakikaribia nyuzi 34 za Selsiasi, na ukumbi wa bati mwezi wa kumi na mbili mnaujua wenyewe. Halafu ili chokoleti ing'ae, unaiyeyusha mpaka nyuzi 45, unaipoza mpaka 27, kisha unaipandisha tena mpaka 31 au 32. Jikoni kwangu saa nane mchana hewa yenyewe ni 31. Hiyo 27 niitoe wapi?

Walioniokoa ni watu wa mji ambao sijawahi kutia mguu. Mji wenyewe unaitwa Modica, uko kusini mwa kisiwa cha Sicily, Italia. Kakao iliwafikia zamani za utawala wa Wahispania, pamoja na ufundi wa watu wa Mexico wa kuisaga juu ya jiwe. Kwingine Ulaya mambo yakabadilika: mwaka 1879 Mswisi Rodolphe Lindt alibuni mashine ya kukoroga chokoleti kwa saa nyingi mpaka ilainike kama hariri. Modica wakabaki na ya kwao. Mwaka mmoja baadaye, 1880, kilianzishwa pale kiwanda kidogo cha Bonajuto, na mpaka leo kinauza chokoleti yenye chenga.

Chenga hizo ni sukari. Wanaitia wakati kakao iliyosagwa ina joto la nyuzi 40 hadi 45 tu, na hawaisagi tena, kwa hiyo punje zinabaki nzima. Hawaongezi mafuta ya kakao wala maziwa. Wanatia viungo tu, kama mdalasini, vanila au pilipili. Sura yake imepauka, na ukiiuma inakwaruza meno kama kashata. Chokoleti hiyo ndiyo Umoja wa Ulaya uliipa ulinzi wa jina la mahali inapotoka mwaka 2018, na ilikuwa chokoleti ya kwanza kupata hadhi hiyo. Niliposoma habari zake nilicheka peke yangu. Kumbe kazi yote hii bibi yangu angeiweza, maana ni ungo, kinu na mkono.

Sasa tuje jikoni.

Kakao haioti kwetu huku, mimi naagiza Kyela. Usinunue kwa kunusa gunia. Chukua punje kumi, zikate katikati kwa kisu. Ndani zikiwa za kahawia na zina nyufa, ujue zilivundikwa vizuri, zile siku tano sita ndani ya masanduku chini ya majani ya migomba, kabla ya kuanikwa. Zikiwa za kijivu kama sleti, hazikuvundikwa, na hapo hata uongeze sukari kiasi gani, ladha ya chokoleti hutaipata. Zambarau ni katikati. Mimi naziacha pia.

Kaanga kwenye chungu kwa moto mdogo, ukigeuza, kama dakika 25. Zitaanza kulia pa, pa. Ziache zipoe, zivunjevunje, kisha pepeta maganda. Hapa sisi wa Kusini hatuhitaji kufundishwa na mtu. Wa mjini asiyejua ungo atumie feni, ila afanyie nje. Kilo moja ya kakao kavu hunibakishia kama robo tatu.

Kwenye kusaga ndiko nilikoumia zaidi. Kinu cha kwanza niliazima kwa mama mkwe, kinachotwangiwa kisamvu. Nilikiosha mara tatu, na bado chokoleti ilinuka kitunguu saumu wiki nzima. Kakao hubeba kila harufu, kwa hiyo nunua kinu chako na usikiazime mtu. Halafu maji! Tone dogo tu likiingia, rojo lote linashikana na kuwa kama udongo wa kukandika nyumba. Siku moja nilijitia ubunifu nikaongeza tui la nazi kidogo, nikapoteza kilo nzima. Siku hizi kinu na mchi navianika juani tangu asubuhi. Vinakauka kabisa na vinapata moto, na kakao ikitwangwa kwenye kinu chenye joto inatoa mafuta upesi, maana karibu nusu yake ni mafuta. Hapo ndipo jua la Mtwara linanilipa deni la ile harusi. Kuna wanaopeleka kwenye mashine za kusagia karanga mtaani. Ni haraka, lakini mabaki ya karanga yanaweza kumdhuru mteja mwenye mzio, na wewe hutajua mpaka yamekukuta.

Rojo likilainika, liweke kwenye sufuria juu ya maji ya moto. Kama huna kipimajoto, dondoshea tone ndani ya kifundo cha mkono, kama unavyopima maziwa ya mtoto: liwe vuguvugu, lisichome. Kwa kila nusu kilo ya kakao natia gramu 350 za sukari ya kawaida, na mdalasini wa unga kijiko kimoja cha chai. Koroga, mimina kwenye trei, kisha gonga trei mezani mpaka uso ulale sawa na hewa itoke. Modica nao wanagonga hivyo hivyo.

Korosho nunua zilizokwisha banguliwa, tena vipande, usilipie korosho nzima ambazo utazivunja mwenyewe. Usijaribu kubangua na kutengeneza chokoleti meza moja. Mafuta ya ganda yanababua ngozi, na ndiyo maana wabanguaji wa nyumbani hupaka majivu mikononi. Zikaange kidogo, na zipoe kabisa kabla ya kuzitia. Nimejaribu pia mabibo makavu, kochoho, yaliyokatwakatwa. Mimi nimeyapenda. Wanangu walisema yanang'ang'ania meno.

Sitakudanganya kwamba chokoleti ya namna hii haiyeyuki. Inalainika, ila kwa kuwa haikuahidi kung'aa, ikishaganda tena inaonekana vilevile, na mteja haoni kasoro. Ifunge kwa karatasi. Ukiiweka kwenye friji, itie kwanza kwenye chombo chenye mfuniko, na ukiitoa usifunue mpaka ifikie joto la chumbani, la sivyo itatoka jasho na sukari itaacha utando mweupe juu.

Kuhusu soko, nilihangaika na maduka nikachoka. Wote waliniuliza kwa nini haing'ai. Mwishowe nikapeleka kwa muuza kahawa wa kijiweni kwetu, nimeikata vipande vidogo kama kashata. Wazee wale wamezoea kahawa chungu na kitu cha kutafuna chenye chenga, kwa hiyo hakuna aliyeuliza lolote zaidi ya bei. Sasa napeleka trei mbili kila Alhamisi. Wiki iliyopita mzee mmoja ameomba yenye tangawizi. Nitaijaribu kwa tangawizi ya unga, maana mbichi ina maji.