Mwanangu, muulize mwenye sura

Mwanangu mpenzi,

Nimekusoma. Unauliza: ukipiga picha za mtaa ulivyo, kama ile ya mama muuza dagaa, halafu mwenyekiti akaja juu kwamba umewaaibisha watu wake, mkosaji nani?

Nianze na mpiga picha mmoja Mjerumani ninayempenda sana, Chargesheimer. Jina lake hasa ni Karl Heinz Hargesheimer, mzaliwa wa Cologne, 1924. Mji wake ulipondwa na mabomu, na miaka ya hamsini Ujerumani Magharibi ilikuwa mbioni kujijenga. Iliyotakiwa ni picha ya neema. Yeye akaenda mtaa wa Unter Krahnenbäumen, kwa watoto wanaocheza njiani na vikongwe wanaochungulia madirishani. Kitabu kikatoka 1958. Mwaka huohuo akatoa kingine, Im Ruhrgebiet, maandishi yake mwandishi Heinrich Böll: eneo la Ruhr, la makaa ya mawe, moshi, masizi, nyuso zilizochoka. Viongozi wa huko wakachukia, wakaona wamechafuliwa jina.

Hata Adenauer, chansela wa Ujerumani Magharibi, alipompiga picha hakumpamba. Mikunjo yote ipo, kama ngozi iliyoanikwa juani.

Mimi studio nilifanya kinyume. Nilichonga penseli ncha kali, nikafuta mikunjo ya watu kwenye negativu, wakafurahi. Siku moja nikamfuta bibi yako lile kovu la shavuni, la mafuta ya moto. Akaishika picha, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaniuliza, "Huyu nani?" Hadi leo naona haya.

Baadaye barabara kuu ikaukata mtaa ule wa Cologne vipande viwili. Mwaka 1970 Chargesheimer akatoa Köln 5 Uhr 30: mji saa kumi na moja na nusu alfajiri, hakuna mtu hata mmoja. Saruji, nguzo za taa, mistari ya barabarani. Nikikiweka kando ya kile cha 1958, wale watoto nawatafuta. Alikufa mwaka ulipokuwa ukiisha, 1971, ana miaka 47.

Basi usihangaike kwanza na mwenyekiti. Chapisha nakala, umpelekee yule mama muuza dagaa mwenyewe. Mwache akae nayo, usimweleze kitu. Akisema "huyu ni mimi", itundike kwenye maonyesho, na atakayekuja juu mlete kwangu. Akiisukuma, itoe, hata kama ndiyo picha yako bora.

Ni mimi baba yako.