Kumtazama mwewe akilea mjini: pa kusimama na cha kuangalia

Ukigundua kiota cha mwewe kwenye jengo au mti wa mjini, kwanza rudi nyuma. Mita 100 ni mwanzo mzuri. Usisimame chini yake. Tafuta dirisha la ghorofa au mwinuko unaokaribia usawa wa kiota. Darubini ya macho mawili inayokuza mara 8 inatosha kuona nani ameketi. Kuhesabu makinda kunataka darubini ndefu, ya mara 20 hadi 60, juu ya stendi ya miguu mitatu.

Baada ya hapo, ndege mwenyewe ndiye atakayekupimia umbali. Mwewe wa mjini amewazoea wapita njia. Anayemtia shaka ni mtu aliyesimama akimkodolea macho. Jike akisimama kiotani na kukukazia macho, au akilia mfululizo, ondoka taratibu. Akiruka kwa hofu, mayai yanapoa, na makinda wasio na manyoya wanabaki juani, tena mbele ya kunguru. Droni isiruke hapo kabisa.

Chukua mwewe mwenye mkia mwekundu, anayetaga katika miji mingi ya Marekani. Andika tarehe ambayo jike ameanza kulala kiotani bila kubanduka. Hesabu siku 28 hadi 35 kufikia kuanguliwa, kisha takriban siku 42 hadi 46 kufikia kuruka. Mayai, mara nyingi 2 au 3, huenda usiyaone kabisa, kwa hiyo soma mwenendo wa mama. Makinda wakitoka, mama huketi juu zaidi kuliko alivyokuwa akiatamia, hutazama katikati ya miguu yake, na dume akileta windo, mama huinama mara nyingi akichana vipande vidogo. Dume utamjua kwa umbo dogo. Siku chache baadaye tazama ukingo wa kiota: kinda hugeuza mgongo na kurusha kinyesi nje, na michirizi myeupe ikizidi kupanuka, wapo na wanakula.

Makinda hawaanguliwi siku moja. Chakula kikipungua, mdogo hunyang'anywa na huenda akafa. Inauma kutazama, lakini usiingilie.

Sumu ya panya ni jambo jingine, maana hiyo imeletwa na watu. Sumu zinazozuia damu kuganda haziui papo hapo: panya huzunguka siku kadhaa akiwa mlegevu, windo rahisi kabisa, na sumu iliyomo ini mwake humwingia mwewe. Ukimwona mwewe ameketi chini, mabawa yamelegea, hakimbii mtu, piga simu kwa waokoaji wa wanyamapori saa hiyo hiyo. Mapema zaidi, waombe wasimamizi wa majengo ya jirani wazibe matundu na wafunike mapipa ya taka badala ya kuweka sumu. Kwangu hii ndiyo kazi kubwa ya mtazamaji.

Wiki ya kuruka ndiyo yenye simu nyingi zisizo na sababu. Kinda mwenye manyoya kamili na mkia mfupi akiwa ardhini, mara nyingi hajapotea. Wazazi wako juu ya paa. Zuia mbwa na watu, ngoja. Akiwa barabarani, vaa glavu nene, mfunike kwa taulo, dhibiti miguu kwanza (makucha ndiyo yanayojeruhi, kuliko mdomo), kisha mweke kwenye tawi au paa fupi la karibu. Usimpe maji wala chakula. Damu, bawa linaloning'inia au kugonga kioo ni kazi ya waokoaji.

Usitangaze anwani ya kiota kipya pamoja na picha. Lakini waonyeshe majirani wachache wanaoaminika na tunza kumbukumbu zako za tarehe. Huko New York, kiota cha mwewe aliyeitwa Pale Male kilipoondolewa kwenye jengo la Fifth Avenue Desemba 2004, watazamaji waliandamana, na mwezi huo huo sehemu ya kujengea kiota ikarejeshwa.

Makinda wakisharuka, wazazi huendelea kuwalisha kwa wiki kadhaa. Fuata sauti zao za kuomba chakula, kisha mwisho wa majira ya baridi rudi kwenye kiota kile kile: vijiti vibichi ukingoni vinamaanisha wameanza kukikarabati.