Mbwa wa kwanza wa kukimbiza sungura: mbio zitazame mwisho

Vijana wanaonifuata hapa Muheza kuuliza habari za mbwa huanza na swali lile lile: yupi ana mbio? Jibu langu huwakera. Mbio ni jambo la mwisho nitakalotazama. Kwa mtu anayeanza nataka mbwa anayesikia jina lake akiwa katikati ya kukimbiza, asiyegusa mbuzi wa watu, na anayeshika bila kutafuna. Mbwa wetu wa kienyeji mwenye afya ana mbio za kumtosha mwanafunzi. Hayo mengine matatu usipoyapata kwa mtoto wa mbwa mapema, utayatafuta mpaka uzeeke naye. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Kabla ya mbwa, kibali. Sungura wa porini ni mnyamapori kama swala, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haimruhusu mtu kuwinda bila leseni. Kutumia mbwa nako kunataka idhini ya maandishi. Basi nenda kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, uulize, upewe karatasi, ndipo uzungumzie msako. Ukiwa upande wa Pangani jua vizuri mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Saadani unapita wapi, maana mbwa hasomi vibao na wewe ndiye utakayeulizwa. Mimi wangu kazi yake kubwa ni shamba: kuwafurusha sungura kwenye kunde na choroko zinapochipua, wakati ambao usiku mmoja unatosha kukuachia tuta la vishina vitupu. Ninayoyasema hapa yanamfaa mwenye shamba na mwenye kibali sawasawa.

Siku hizi kila mtu ana simu, na simu imejaa greyhound, yule mbwa mwembamba wa mbio wa Kizungu. Mbwa mzuri, sina ugomvi naye. Akifyatuka anagusa kilomita 65 kwa saa na zaidi. Uingereza wasasi wa sungura hupenda pia whippet, anayefanana na greyhound ila ni mdogo, au lurcher, ambaye ni chotara wa mbwa wa mbio na mbwa wa kazi kama collie wa kuchunga kondoo, ili apate miguu ya mmoja na akili ya mwingine. Lakini tazama wanamkimbiza nani. Sungura wao huishi kwenye mashimo. Akishtuka anakimbilia shimoni, mara nyingi mwendo mfupi tu, kwa hiyo wanataka mbwa wa kufyatuka ghafla. Sheria yao ya 2004 iliyopiga marufuku kuwinda kwa mbwa katika England na Wales iliwaacha nje sungura hao wa mashimo, mradi mwenye ardhi awe amekubali. Yule sungura mkubwa wa mbugani, ndugu wa huyu wetu, marufuku inamlinda.

Wetu hachimbi shimo. Mchana analala kwenye kijishimo kidogo chini ya kichaka au nyasi ndefu, masikio ameyalaza mgongoni, na unaweza ukakaribia kumkanyaga ndipo achomoke. Akichomoka hana nyumba ya kukimbilia. Anakwenda mbali, anakata kulia, anakata kushoto, anarudi nyuma yako. Mbwa mwenye mbio za kunyooka humpita kwenye kila kona, na kila kona inampotezea hatua kadhaa. Anayemfikia ni yule anayepunguza mwendo kidogo kabla ya kona na kutoka nayo akiwa bado na pumzi. Jua letu nalo halitanii. Mbwa hutoa joto kwa kuhema, si kwa jasho la mwili mzima kama sisi, na yule mwenye misuli mikubwa akikimbizwa saa nne asubuhi kwenye uwanda wa Handeni anaweza kuanguka na asiinuke. Isitoshe, ngozi ya hao wa kigeni ni nyembamba kama karatasi ya kufungia karanga. Mpeleke kwenye miiba yetu uone utakavyorudi naye kwa bwana mifugo kushonwa.

Na mkonge. Aliyekulia Tanga anajua ncha ya jani la mkonge ilivyo. Mashamba ya mkonge yamepandwa kwa mistari yenye njia katikati, sungura hupenda kupita humo, na mbwa mwenye pupa anapokata kona huingia kwenye mstari kichwa mbele. Mwiba ule uko sawasawa na jicho lake. Nimeona mbwa wawili watatu wenye jicho moja vijiji vya kando ya mashamba, na wenyewe hawakuhitaji kunisimulia ilivyokuwa. Mtu anayeanza asimfungulie mbwa ndani ya mkonge kabisa. Tafuta shamba lililovunwa, au uwanda wa nyasi fupi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mbwa wa kienyeji, mtoto wa mama unayemjua. Narudia: mama unayemjua. Baba mara nyingi hajulikani, na hata wakikuambia ni fulani usiweke kiapo. Mama yuko pale, mtazame. Akibweka ukifika kisha akanyamaza pale mwenye mbwa anapomwambia anyamaze, hapo kuna kitu. Akijificha chini ya uchaga akitetemeka, aga uondoke, hata watoto wawe wazuri namna gani.

Wangu nilimfuata kwa mzee mmoja wa Kizigua upande wa Kwamsisi, msasi wa tangu ujana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata mbwa au umefuata rangi?"

Nikacheka, kwa sababu kweli macho yangu yalikuwa yameshakwenda kwa mmoja mwekundu mwenye kifua cheupe. Akanipa kigoda, akaniambia nisimwite mbwa yeyote na nisipige ulimi. Kisha akatoa kipande cha ngozi kavu ya mbuzi kilichofungwa uzi, akakiburuta polepole mavumbini. Wote walikikimbilia. Yule mwekundu alikipata kwanza, akaenda nacho pembeni ya ukuta, akawa ananguruma kila mwenzake akisogea. Mzee akakichukua, akakiburuta tena. Safari hii kijike kimoja cha rangi ya majivu, sikio moja limelala, kikakinasa. Kikazunguka nacho mara moja, kikaja kukaa juu ya mguu wa mzee, ngozi bado mdomoni, mkia unafagia.

"Yule wa ukutani atakula peke yake hata porini," mzee akasema. "Huyu anatafuta mtu wa kumpa."

Mzee akachukua kifuniko cha sufuria akakiangusha nyuma yao. Wakatawanyika. Kile kijike kilikimbia kama wenzake, lakini kikageuka na kurudi kunusa kile kifuniko. Hilo ndilo alilokuwa analitafuta. Kushtuka si kosa. Asiyerudi kutazama kilichomshtua ndiye atakayekupa taabu siku ya ngurumo.

Mwili nao unakaguliwa, ila haraka, maana kwa mtoto wa wiki nane unabahatisha kiasi fulani. Kifua kiwe kimeshuka, kiuno kimebana, vidole vya miguu vimekusanyika na havikutanuka kama vya bata. Fungua mdomo: meno ya juu yakae mbele kidogo ya meno ya chini, yakigusana. Mdomo uliopishana haushiki vizuri. Tumbo lililovimba kama ngoma ni minyoo na linatibika, kwa hiyo lisikukimbize. Macho yawe makavu. Kuhusu dume au jike, watu wanabishana mpaka kahawa inapoa. Mimi napenda jike kwa sababu hatembei hovyo, lakini jua kwamba karibu kila miezi sita au saba utamfungia ndani kwa wiki tatu hivi, na madume ya kijiji kizima yatalala mlangoni kwako.

Usichukue wawili wa mama mmoja kwa pamoja. Watasikilizana wao kwa wao, wewe utakuwa mgeni.

Jina liwe fupi. Najua sisi watu wa pwani tunapenda mbwa abebe ujumbe kwa jirani. Kuna bwana mmoja mtaani kwetu wake anaitwa Wacha Waseme. Jina zuri la kusutia watu, lakini hebu liite porini mara tatu mfululizo: mpaka ulimalize, sungura yuko Korogwe. Silabi mbili zinatosha.

Miezi ya kwanza hakuna sungura, kuna mbuzi. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoharibu, kwa haraka ya kutaka kuona mbio. Mbwa anayekimbiza chochote chenye miguu atamkimbiza pia mbuzi wa mama wa jirani, na kesi hiyo itaishia kwa mwenyekiti wa kitongoji, wewe umekaa kwenye benchi unahesabu noti. Mfunge kamba ndefu, mpeleke kila asubuhi penye mbuzi na kuku, ukae naye. Akiwatazama kisha akakutazama wewe, mpe dagaa mmoja. Akiruka, kamba imzuie, wewe usipige kelele wala usimpige. Fanya hivyo mpaka mbuzi wawe kwake kama mawe ya njiani. Mbwa akiona kitu kinakimbia damu inamchemka, na asiyezoea kukaa kimya mbele ya mbuzi hatakusikia mbele ya sungura.

Kumwita nako kuwe hivyo hivyo. Mwite wakati wa chakula tu mwanzoni, halafu wakati anacheza, halafu wakati mwenzake amemshika mchezoni. Akija, asikute kofi hata kama amechelewa. Kumfungulia akimbize kwa nguvu zote kusubiri atimize mwaka, mifupa ikomae. Kabla ya hapo mburutie ngozi kwenye nyasi, mizunguko michache, basi.

Sasa mdomo. Kwa sisi Waislamu, na Tanga ni wengi, jambo hili si la mapishi tu. Qurani, sura ya Al-Maida aya ya 4, imehalalisha kile wanachokushikia wanyama wa kuwindia uliowafundisha, ukitaja jina la Mwenyezi Mungu. Na katika hadithi ya Adi bin Hatim maelekezo yako wazi: ukimtuma mbwa wako aliyefundishwa, ukasoma Bismillahi, kula alichokushikia; lakini akiwa amekila yeye, usile, kwani amejishikia mwenyewe. Ukimkuta sungura bado yu hai, mchinje. Kwa hiyo yule wa ukutani, hata awe na mbio za upepo, kwa msasi wa Kiislamu hana faida: atakachokifikia kitakuwa chake.

Wapo watakaokuuliza kwa nini unafuga mbwa nyumbani. Wajibu kwa upole kwamba mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wametolewa katika katazo la kufuga mbwa, halafu uwarahisishie. Kibanda kiwe mbali na mlango, nyuma kama nafasi ipo. Sahani yake iwe yake, isichanganywe na vyombo vya nyumbani, na chombo alichokilamba kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Mgeni anayekuja kukusalimia akiwa na udhu asilazimike kurukaruka uani kwako.

Chakula hakinitoi jasho: ugali wa dona na dagaa, au vichwa vya samaki kutoka soko la Deep Sea, Tanga mjini, vilivyochemshwa mpaka miiba imelainika. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka kama vijiti na kuchoma tumbo.

Maradhi ndiyo yanayomaliza mbwa wetu kuliko sungura na miiba. Chanjo ya kichaa cha mbwa akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi huchanja bure, kwa hiyo ulizia kwa ofisa mifugo wa kata mapema. Kupe wakaguliwe kila mnapotoka porini: ndani ya sikio, kwapani, katikati ya vidole. Na kwa wa Pangani na Handeni, kuna mbung'o. Mbwa akianza kukonda ilhali anakula, akawa na homa, kisha jicho likaingia ukungu wa samawati, usidhani ni mwiba wala usimtie dawa ya macho ya watoto. Huenda ni ugonjwa wa ndorobo, unaoletwa na mbung'o hao, na kwa mbwa unakwenda mbio. Siku hiyo hiyo mpeleke kwa bwana mifugo, na umtajie mlikopita wiki zilizotangulia, maana mjini hawaukuti mara kwa mara na bila kuambiwa anaweza kuanza na dawa za kupe.

Mtoto wa kienyeji mara nyingi utapewa bure au kwa shukrani ndogo. Ile pesa uliyoiweka kwa ajili ya kumnunua, peleka nusu kwenye chanjo na dawa ya minyoo, na nusu nyingine kwenye kamba nzuri ya mita kumi. Ya katani inafaa, na kwetu haikosekani.