Maswali ya Wazazi: Vitabu vya Watoto na Suala la Kubadili Jinsia

*Maalim, assalamu alaikum. Katika kundi letu la wazazi tumetumiwa picha ya ukurasa wa kitabu cha hadithi, mtoto wa kike akimwambia mamake kuwa yeye ni mvulana. Aliyeituma anasema vitabu hivyo vimeshaingia shule za msingi za Kenya. Ni kweli? – Mama wa watoto watatu, Langoni*

Wa alaikumu salaam, mama. Kisa hicho kinalingana na cha kimojawapo cha vitabu vya picha vilivyozua kesi katika jimbo la Maryland, Marekani. Kwetu, kitabu cha kiada hukaguliwa kwanza na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, kisha huingizwa katika orodha ambayo walimu wanaiita Orange Book. Niliposoma barua yako nilikaa mkekani na mjukuu wangu wa Gredi ya 4, tukatoa vitabu vyote mkobani na kuvitazama majalada. Vyote vilikuwa na maandishi ya kuidhinishwa, isipokuwa kimoja cha hadithi tulichomnunulia wenyewe dukani. Hapo ndipo penye kazi yetu wazazi, kwa kuwa vya dukani na vya simuni havipiti kwa mkaguzi ila sisi. Muulize aliyekutumia jina la kitabu na la shule, na akishindwa kukujibu, usiusambaze ukurasa huo.

*Nasikia Mahakama ya Juu ya Marekani imevipiga marufuku vitabu hivyo. Tushangilie? – Mzazi, Shela*

Haikuvipiga marufuku, ndugu yangu, na ni muhimu tulielewe jambo hili lilivyo. Mwaka 2022, bodi ya shule za Montgomery County, huko Maryland, iliingiza katika masomo ya lugha hadithi zenye wahusika wa mapenzi ya jinsia moja na waliobadili jinsia, kwa watoto wa shule za msingi. Mwanzoni wazazi walijulishwa, na asiyetaka aliweza kumtoa mwanawe darasani kwa muda wa hadithi hiyo. Machi 2023 bodi ikaiondoa ruhusa hiyo, ikieleza kwamba waliotolewa wamekuwa wengi mno na kwamba watoto wa familia zinazosimuliwa mle wangejiona wametengwa. Wazazi Waislamu, Wakatoliki na Waorthodoksi wakashtaki pamoja. Tarehe 27 Juni 2025 mahakama iliamua, majaji 6 dhidi ya 3, kwamba wakati kesi ikiendelea ni lazima wazazi wajulishwe mapema na waruhusiwe kuwatoa watoto wao. Haikuamuru vitabu vyenyewe viondolewe shuleni. Jaji Sotomayor, aliyeandika hoja ya waliopinga, alihofia kwamba shule ya umma itashindwa kufanya kazi ikiwa kila mzazi atachagua somo la kumtoa mwanawe.

Hofu yake si ya kupuuzwa, lakini mimi nasimama na wazazi wale. Mtoto wa miaka 5 hawezi kupima anachosomewa na mwalimu anayempenda. Hukipokea kizima kizima, na ndiyo maana aliyemlea ana haki ya kujua kabla. Haki hiyo inanitosha. Sidai kitabu kichomwe, wala simchagulii jirani yangu hadithi za kumsomea mwanawe.

*Mtoto wa Gredi ya 3 aliniuliza mbele ya wenzake kama mvulana anaweza kuwa msichana. Darasa zima lilicheka, nami nikamwambia anyamaze. Nilikosea? – Mwalimu, Mkomani*

Ulikosea kumnyamazisha, mwanangu, kwa sababu swali lililozimwa darasani huenda kujibiwa simuni. Mwambie kwa upole kwamba ni swali zuri la kuwauliza baba na mama, kisha uwapashe wazazi habari siku hiyo hiyo ili lisiwafikie ghafla. Na kicheko kile ukikomeshe, kwani hujui mtoto gani kati ya wale alikisikia kikamchoma.

*Jirani yetu amejifungua, na mkunga hakuweza kusema mtoto ni wa kike au wa kiume. Watu wameanza kumhusisha na mambo hayo ya vitabu. – Bibi, Pate*

Hayo ni mambo mawili mbalimbali, bibi. Mtoto huyo ni huntha, yaani mwenye maumbile yasiyobainika kuwa ya kike au ya kiume, kazaliwa hivyo, na wanazuoni wetu wamemzungumzia tangu zamani katika milango ya sala na mirathi. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,524 wa jinsia mbili, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inawatambua watoto kama yeye. Mwambie mamake asimfiche ndani. Amvushe Lamu, amfikishe kwa daktari katika hospitali ya King Fahd, na akiona haya kuingia peke yake, mke wangu atamngojea gatini wafuatane.